Mama Godelive Kyakimwa, Aliyemwaga Majivu Bondeni

Tunawasalimu ninyi wote muliokuja kuketi na familia katika lupango hii, ua wa nyumba ya marehemu, kartie Nyakasanza, muji wa Bunia, leo siku ya posho, ndiyo Jumamosi, tarehe 12 mwezi wa tatu mwaka wa 2005, ninyi wenye viti na ninyi muliosimama, ninyi muliotoka mbali, na vilevile ninyi wamama wa Umoja wa Bondeni, mulioketi kule nje ya mulango na hamutaki kuingia, familia imewaona, sababu ya ninyi kuketi kule inajulikana, na itasemwa hapa muchana kweupe kabla jeneza halijatoka.

Anayewasomea historia hii ni Isidore Kamate, mudogo wa marehemu, wa mama mumoja na baba mumoja, mutu ambaye Bunia nzima inamujua, na asiyemujua amekwisha kusikia sauti yake. Familia ilimupatia karatasi yenye mistari kumi na mbili, safi, mifupi, akaisoma jana asubuhi, akaona kwamba mustari wa kazi umezungukwa kama shimo la barabara, akaomba kalamu, na wazee walipoona Isidore anaomba kalamu walishika vichwa, kwani wanajua kwamba huyu akihadithia samaki wa Kasenyi, samaki anaota miguu. Lakini leo hakuongeza kitu, na kama mutamusikia anasoma polepole, ni kwa sababu maneno ya kweli hayajamuzoea.

Mama Godelive Kyakimwa alizaliwa Masereka, teritware ya Lubero, tarehe 14 mwezi wa munane mwaka wa 1951, binti wa Muzee Léonard Kamate, katekista na mulimaji wa viazi na poaro, ile mboga ndugu ya kitunguu, na wa Mama Anastasie Mbambu, kule ambako baridi ya asubuhi inakata masikio na udongo ni mweusi, na wazee wanasema kwamba alitambaa mara ya kwanza katikati ya mistari ya mboga, bila kuvunja hata mumea mumoja.

Alianza masomo kwa masista mwaka wa 1958, akawa wa kwanza katika hesabu miaka mine mufululizo, na alipokuwa katika mwaka wa sita, akiwa amechelewa mwaka mumoja kwa ajili ya ugonjwa wa mama yake, mama yule alifariki, tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1964, waasi wakiwa wanapita katika inchi, na mutoto wa mwisho, ndiye huyu Isidore, alikuwa na miaka mitatu na kilio cha kutosha kijiji kizima. Basi Godelive alifunga daftari, akafunga mutoto mugongoni, hakurudi tena shuleni, na mutoto yule alibebwa mpaka miguu yake ilikaribia kuburuta chini, wenzake wakimucheka, “Weye Isidore, unapanda dada yako sawa punda!”, naye akiwajibu kutoka kule juu kwamba wafalme hawatembei.

Tarehe 25 mwezi wa saba mwaka wa 1970 alifunga ndoa takatifu na Bwana Boniface Muhindo, shoferi wa kamyo ya samaki, na mwezi wa kwanza mwaka wa 1971 walihamia hapa Bunia, bibi arusi akileta sufuria mbili, jembe moja, na Isidore. Mungu aliwabariki na watoto wane, wawili walitangulia wakiwa wadogo, na wawili wako hapa mbele yenu, Adeline na Néhémie. Bwana Boniface alifariki tarehe 2 mwezi wa pili mwaka wa 1996, kamyo yake ilipokosa freni katika muteremuko wa Kasenyi, na marehemu hakuolewa tena.

Kwa upande wa kazi, karatasi ya familia ilisema, “Alikuwa mulimaji,” na hayo tu, sawa na kusema kwamba kuku ni ndege. Marehemu alilima mboga bondeni, kandokando ya muto Nyamukau, tomate, vitunguu, lengalenga, biringanya, kwa miaka zaidi ya makumi tatu, hakuwa na kitabu hata kimoja, lakini alisoma majani namna padri anavyosoma misale: majani ya chini yakikauka pembeni, alisema mumea una njaa ya majivu, tomate ikioza kwenye kitako, alijua kwamba udongo umekosa chokaa na kwamba maji yalikuja leo, kesho hayakuja, na jani likiwa la kijani cheusi, pana, laini, watu wengine wakipiga makofi, yeye alilivunja kwa vidole viwili na kutazama. Mbolea yake ilikuwa mavi ya mbuzi aliyoyalaza shimoni miezi sita pamoja na majani, hakuyatia shambani yakiwa bado ya moto, na majivu ya maganda ya ndizi na ya mabua ya maharagwe, aliyoyachunga ndani ya bidoni kavu namna wengine wanavyochunga sukari, na aliyeuliza sababu alijibiwa, “Mumea uko sawa mutu. Mutoto ukimupa bugali tupu kila siku, atanenepa, watu watasema mama yake anamutunza, lakini homa ikipita pale kwenu, yeye ndiye wa kwanza kulala.”

Hapa ni lazima tupite kidogo kwa Isidore, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake si kwa kujisifu. Dada yake aliongeza mistari ya vitunguu ili mudogo asome, akamupeleka shule ya kilimo mwaka wa 1976, na katika mutihani wa shimi, ndiyo kemia, Isidore alipata tatu kwa makumi mbili, akawaambia watu kwamba alipata kumi na tatu, na mwaka wa 1978 walimurudisha nyumbani, akawaambia watu kwamba amemaliza. Alikuwa na koti, alikuwa na kalamu mbili mufukoni, watu wakamuita Monsieur Agronome, ndiyo Bwana Mutaalamu wa Kilimo, na ukutani kwake alitundika ndani ya kioo karatasi yenye muhuri wa serikali, na muhuri ulikuwa wa kweli kabisa, ila karatasi ilikuwa ya chanjo ya mbwa, na kwa miaka makumi mbili na tano hakuna mugeni aliyesogea karibu kuisoma, isipokuwa marehemu, aliyekuja siku moja kufagia, akaisoma, akaifuta vumbi, akairudisha palepale.

Vita vya Ituri vilipoingia Bunia, marehemu hakukimbia mara ya kwanza wala ya pili, lakini mwezi wa tano mwaka wa 2003 alikimbilia kambi ya kando ya uwanja wa ndege, pamoja na watoto wake na Isidore, wakalala chini ya shitingi, yale maturubai ya musaada, na mwezi wa saba parokia ikawapatia wamama wa kambi shamba la kulima bondeni. Walikuwa wamama makumi ine wa kila kabila, wengine waume zao walikuwa wanawindana, na wao walishika jembe mustari mumoja, wakajiita Umoja wa Bondeni, wakamuchagua Mama Bernadette kuwa prezida na Godelive kuwa mushauri, na kila mumoja alijua kinachongojewa, kwani kambini kulikuwa watoto wenye matumbo yaliyovimba na nywele zilizogeuka nyekundu, na kama tomate zingezaa, kungekuwa mboga kwenye bugali ya musaada, na kama hazikuzaa, bugali ingeliwa na chumvi, siku ambazo kulikuwa chumvi.

Isidore, alipoona wamama makumi ine wanamusikiliza dada yake, ulimi ulimuwasha. Alisimama mbele yao na koti lake la vumbi, akasema majivu ni mambo ya bibi wa zamani, akasema kwamba yeye alipokuwa masomoni walipanda tomate moja iliyolisha darasa zima siku tatu, na mwalimu akajificha mvua ndani ya ganda lake, wamama wakacheka mpaka wakaketi chini, mumoja akamuuliza, “Aa, Monsieur Agronome, na mulango wa ile tomate mulifungia na kadenari?”, lakini njaa haina chujio, na kisha kicheko wakamuachia mistari yote, isipokuwa minane ya pembeni, ambayo marehemu alisema atailima mwenyewe kwa namna yake.

Isidore aliagiza uree, ile mbolea nyeupe kama sukari, mifuko mitano kutoka Mahagi, akaimwaga mara tatu ndani ya majuma matano, pahali ambapo mara moja, kwa kipimo cha kofia ya chupa, ingetosha, bila mbolea ya shimo, bila majivu, bila kitu kingine, na tomate zikapanda juu kama zinafukuzwa, majani yakawa mapana na meusi kwa ukijani, yakafungana mustari na mustari hata upepo ukakosa njia, wageni wa parokia wakaja kupiga picha, na katika picha zote, muzitafute, Isidore amesimama katikati.

Asubuhi ya tarehe 6 mwezi wa kumi marehemu alimuita pembeni, mbali na watu, akavunja jani moja kwa vidole viwili, likakatika bila sauti, maji yakatoka, akasema, “Ona, ngozi yake iko laini sawa ya mutoto muchanga, umeishibisha kitu kimoja tu. Mvua ya juma hii ikileta mildiyu, ile ugonjwa ya kuozesha majani, haiko na kitu ya kupigana nayo. Acha uree. Kata majani ya chini, upepo upite. Siye tutajaribu majivu, nitakuja kumwaga asubuhi mbele watu waamuke, wasiseme Agronome anasaidiwa na dada yake.” Na Isidore, musikie vizuri, kwani neno hili halikuandikwa kwenye karatasi ya familia, alimujibu, “Fanya, lakini wasikuone.”

Basi siku tatu, kunapambazuka, mwanamuke wa miaka makumi tano na miwili alishuka bondeni na bidoni yake kichwani, akamwaga majivu kwenye miguu ya tomate za mudogo wake, mustari kwa mustari, akiinama, ili heshima ya yule mutoto aliyemubeba zamani mugongoni isianguke mbele ya watu, na siku ya tatu Mama Bernadette, aliyekuja kuteka maji, alimuona.

Mvua ilinyesha siku ine, ikabeba majivu, na hata bila mvua yalikuwa yamechelewa, kwani haunenepeshi mutu vibaya miezi miwili ukamuponyesha kwa siku tatu. Tarehe 14 majani yalipata madoa kama yamemwagiwa maji ya moto, tarehe 16 mashina yakawa meusi, tarehe 17 shamba lote lilinuka kama sufuria iliyosahauliwa, na ile mistari minane ya pembeni, yenye majani madogo ya kijani cha kawaida, ambayo Isidore aliicheka na kuiita yatima, ilipata madoa hapa na pale, majani machache yakaanguka, na mengine yote yakasimama na tomate zake.

Siku ya Mungu, tarehe 19 mwezi wa kumi mwaka wa 2003, kisha misa, Umoja wa Bondeni ulifanya mukutano, na Mama Bernadette akauliza, “Monsieur Agronome, weye uko mutu wa masomo, utuambie, ni nini imeua tomate yetu?”, na sauti nyingine ikatoka nyuma, “Na ya Godelive, juu ya nini iko muzima?”, ndipo Mama Bernadette akasema yale aliyoyaona asubuhi ile, mwanamuke peke yake, mavumbi yanatoka mukononi, na wala hakusema uongo, aliona alichoona. Watu wote waligeuka kumutazama marehemu, na marehemu akamutazama Isidore, bila hasira, namna mutu anavyongoja mutoto amalize kufunga viatu. Maneno ya kusema yalikuwa sita tu, “Ni mimi niliyemutuma, ni uree yangu,” na huyu ambaye hakuwahi kukosa neno tangu azaliwe, alikohoa, akanyoosha kalamu zake mufukoni, akasema, “Mimi niko mutu wa siansi, mambo ya uchawi siyajui. Lakini mwenye kumwaga majivu, yeye anajua kile alimwaga.”

Ni hayo. Hakumuita mulozi, na kwa muda murefu alijifariji kwamba neno lile halikutoka katika kinywa chake, lakini katika kambi yenye njaa, wakati ule wa vita, neno lile lilikuwa limekwisha kusimama mulangoni, lilingoja tu mutu wa kusukuma mulango. Wamama waling'oa mistari minane, pamoja na tomate ambazo zingelisha watoto wao wenyewe, wakaichoma, mawe yakarushwa, moja likamupata marehemu kwenye bega, na kama askari wa kulinda kambi hawakuwa karibu, historia hii ingesomwa mwaka uleule. Marehemu alikuwa na jibu, alijua karatasi ya mbwa, alijua ni nani alimwambia, “Wasikuone,” na neno lake moja lingemugeuza Isidore kuwa kicheko, ama maiti, na hakulisema.

Jioni Isidore alikwenda kwenye shitingi yake, akamukuta anapika, akasimama kando ya moto, na marehemu akamusukumia sahani, “Kula kwanza,” na alipokwisha kula, kwa sababu alikula, na hilo pia lisomwe, akamwambia, “Usiseme tena kama uko agronome mbele ya watu wenye njaa,” na tangu siku ile hakurudia kumusemesha juu ya jambo hili.

Kutoka pale hakuna mutu aliyenunua mboga ya mukono wake katika soko la Bunia, na familia ilipotoka kambini na kurudi nyumbani, watoto walikatazwa kupita mbele ya lupango hii, kwaya ilimusogeza pembeni na kisha ikamusogeza inje, muchumba wa Adeline alirudi kwao na hakuleta tena habari, basi marehemu alianza kupeleka mboga Kasenyi, ambako hawamujui, juu ya kamyo za samaki, akiteremuka muteremuko uleule uliomuua mume wake, mara mbili kwa juma, mwaka muzima. Na Isidore, ambaye kutoka mulango wake mpaka wa dada yake ni hatua makumi tatu, alikuwa na siku mia tano na zaidi za kusema, na katika siku zile zote alisema, alisema sana, alisema mambo mengine.

Ugonjwa ulianza mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2004, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, na madaktari walisema ni presha na moyo uliochoka. Alilazwa tarehe 20 mwezi wa pili mwaka huu, akapata nafuu, akarudi nyumbani, akalazwa tena tarehe 5 mwezi wa tatu. Siku mbili mbele ya kufa alimuita Isidore karibu na kitanda, akasema, “Historia yangu utaisoma weye, katika familia yote weye ndiye uko na sauti,” akacheka kidogo, pumzi ikamukatika, akangoja irudi, “lakini tomate, useme vile ilikuwa. Si juu yangu. Wale wamama mpaka leo wanatia uree tupu, majivu wanaiogopa, na kila musimu mildiyu inawakulia. Sasa watoto wao watakula nini?” Alifariki siku ya ine ya juma, ndiyo Alhamisi, tarehe 10 mwezi wa tatu mwaka wa 2005, saa tisa ya muchana, akiwa na miaka makumi tano na mitatu, miezi sita na siku makumi mbili na ine, Adeline akimushika mukono, Isidore akiwa inje kwenye baraza, anawahadithia wagonjwa uongo.

Familia inashukuru madaktari na wauguzi waliomuhudumia bila kuchoka, inashukuru majirani waliotandika turubai na kuleta kuni, wakristo na waislamu, inashukuru mashoferi wa njia ya Kasenyi, ambao walikuwa wanamuwekea nafasi mbele, pembeni ya dirisha, apate hewa, na ambao leo walisimamisha kamyo zao ili waje.

Kwa wenzake wa kazi, karatasi ya familia ilikuwa na mustari wa kuwashukuru Umoja wa Bondeni, na Isidore aliufuta, kwani haifai kuwashukuru kwa yale mulimutendea, na wala hatuwezi kuwalaumu, mulidanganywa, na aliyewadanganya ndiye huyu anayesoma. Wamama, mildiyu inaletwa na mvua na upepo, hakuna mutu anayeituma, lakini inaanza kwa mumea ulioshibishwa uree na kunyimwa vingine, mumea ulio mukubwa kwa macho na muzaifu kwa ndani; majivu aliyoyamwaga dada yetu yalikuwa chakula, aliyamwaga kwa ajili ya kuokoa shamba lenu, na aliyemwambia ajifiche ni Isidore Kamate, asiye agronome, asiye na dipolome, anayewaomba musamaha mbele ya jeneza hili, na hangojei muujibu leo.

Kwa desturi yetu mudogo wa marehemu anashika jeneza mbele, upande wa kuume wa kichwa, pamoja na watu watano. Isidore hatashika, hana mukono wa kulishika. Nafasi ile anaiachia Mama Bernadette, ama mama yeyote wa Bondeni atakayesimama kutoka kule inje na kuingia, na kama hakuna atakayeingia, hakuna mutu mwingine atakayewekwa pale, jeneza litabebwa na watu watano, litainama upande mumoja kutoka hapa mpaka makaburini, na wenye kuuliza njiani kwa nini linainama, waambiwe jina la Isidore.

Dada Godelive, binti wa Léonard na Anastasie, mama wa Adeline na Néhémie, haukuwa mulozi hata siku moja. Pumzika kwa amani.